Msiuite Uamuzi wa Familia: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu na Bodi

Kwa Mkurugenzi Mkuu
na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi.

YAH: WAZAZI WANAOSUKUMWA NJE YA KAZI KIMYA KIMYA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, waheshimiwa Wajumbe wa Bodi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Safari hii nimeamua wahusika wawe wengi.

Mimi ni mfanyakazi wenu na mjumbe wa kamati ya wafanyakazi. Hoja zilizomo humu si ngeni mezani kwenu. Tuliziandika kwa idara ya utumishi, tukazirudia katika vikao vya kamati na menejimenti, kisha tukaomba miadi na ofisi ya Mkurugenzi. Kila mara tuliambiwa kwamba suala "linafanyiwa kazi". Linafanyiwa kazi na nani, na mpaka lini, hatukuambiwa. Wakati huohuo walioleta suala wanazidi kupungua, maana wengi wao ndio haohao wanaoacha kazi. Basi naandika hadharani. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu msomaji wa kwingine akiliona atashusha pumzi akidhani kwake ni salama.

Niseme mapema kwamba mimi ni baba, asije mtu akasema haya ni malalamiko ya wanawake. Nilipopata mtoto nilipewa mkono wa pongezi, na katika tathmini iliyofuata msimamizi wangu aliandika kwamba sasa nina "utulivu na uwajibikaji". Mwenzangu tulioajiriwa pamoja, mwenye elimu kama yangu na mwepesi wa kazi kunishinda, alipojifungua aliandikiwa kwamba "vipaumbele vyake vimebadilika". Alinionyesha mwenyewe. Tathmini zote mbili ziliandikwa na mtu mmoja.

Kila tunapouliza kwa nini akina mama wanaondoka, au kwa nini wanaobaki hawapandi, mnatujibu kwamba huo ni uamuzi wa familia na kampuni haiingilii mambo ya nyumbani. Barua hii yote ni jibu kwa sentensi hiyo. Familia huamua, sawa. Lakini huamua kwa hesabu mlizozipanga ninyi.

1. Mnahesabu wanaoondoka tu

Mwaka 2019 mchumi Henrik Kleven na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia mapato ya wazazi nchini Denmark kwa zaidi ya miongo mitatu. Kabla ya mtoto wa kwanza, mapato ya wanaume na ya wanawake yalikwenda sambamba. Mtoto alipozaliwa, mapato ya mama yalishuka ghafla na hayakurudi tena kwenye mstari wake, ilhali ya baba yaliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea nyumbani. Miaka mingi baadaye mama alikuwa bado nyuma kwa takriban asilimia 20. Na hiyo ni Denmark, nchi isiyo na uhaba wa likizo wala wa vituo vya kulelea watoto. Kwa kipimo hichohicho, Austria na Ujerumani hasara ilizidi nusu.

Ndani ya utafiti ule kuna jambo ambalo naomba Bodi ilitazame kwa utulivu. Hasara ya Denmark iligawanyika karibu sawa katika mafungu matatu: wanaoacha kazi kabisa, wanaopunguza saa, na wanaolipwa kidogo kwa kila saa. Taarifa zenu za mwaka zina fungu la kwanza peke yake, tena chini ya kichwa kisemacho "waliojiuzulu kwa hiari". Aliyeomba kuhamishwa kutoka kitengo chenye bonasi kwenda kisicho na bonasi ili awahi kumchukua mtoto hayumo. Aliyebaki kwenye daraja moja la mshahara huku aliowafundisha kazi wakimpita naye hayumo. Kwa hesabu zenu watu hao hawajapatwa na kitu.

Kwa picha ya dunia, Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2024 kwamba wanawake milioni 708 wako nje ya soko la ajira kwa sababu ya majukumu ya malezi na uangalizi. Wanaume waliotoa sababu hiyo ni milioni 40. Tofauti kubwa kiasi hicho haitokani na familia mojamoja zilizokaa sebuleni zikapiga kura. Ziko nguvu zinazosukuma upande mmoja, na waajiri ni miongoni mwa nguvu hizo.

2. Mama anahukumiwa kabla hajakosa

Shelley Correll na wenzake, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, walituma kwa waajiri wa kweli maombi ya kazi ya watu wa kubuni waliolingana kwa sifa. Tofauti pekee ilikuwa kidokezo kidogo kwamba mwombaji ni mzazi. Wanawake wasio na watoto waliitwa zaidi ya mara mbili ya akina mama. Akina baba hawakuadhibiwa. Katika sehemu ya utafiti iliyofanyika maabara, waliofanya tathmini walipendekeza baba aanze na mshahara mkubwa kuliko mwanamume asiye na mtoto. Hakuna hata mmoja kati ya waombaji hao aliyewahi kuchelewa kazini, kwa sababu hawakuwepo!

Sisi hapa hatuhitaji maabara. Katika usaili wetu wanawake bado wanaulizwa kama wana mpango wa "kuongeza familia". Mimi sikuulizwa.

3. Sera yenu inaishia wodini

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Sera ya kampuni imekwenda kinyume nao: kurasa zote zinazungumzia ujauzito na kujifungua, na mtoto akishafika nyumbani sera inafunga mlango.

Mkataba Namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Wiki 14 ni miezi mitatu na kidogo. Hiyo miezi inayobaki mama anaipitisha wapi? Kwetu anaipitisha stoo, akikamua maziwa kati ya maboksi ya karatasi, huku mwenzake amesimama mlangoni kuzuia watu wasiingie. Mkataba huohuo unataka muda wa kunyonyesha uhesabiwe kuwa saa za kazi na ulipwe hivyo. Sisi tunao muda huo kwenye karatasi, ila malengo ya mwezi hayakupunguzwa hata kidogo, kwa hiyo kila dakika ya kukamua inafidiwa kwa kazi ya jioni. Wengi wanaacha kunyonyesha mapema. Wengine wanaacha kazi.

Halafu kuna kurudi. Mkataba unasema mama arejee kwenye nafasi yake, au nyingine inayolingana nayo kwa mshahara uleule. Hapa kwetu cheo kinarudi, kazi hairudi. Mwenzangu niliyemtaja alikuta wateja aliowajenga kwa miaka wamegawiwa wengine "kwa muda", na muda huo haujaisha hadi leo. Kiti ni chake, jina lake liko mlangoni, lakini kilichokuwa kinamletea bonasi na kumweka mbele ya macho ya wakubwa kimechomolewa. Baada ya miezi kadhaa akaitwa kuelezwa kwamba matokeo yake yameshuka. Mlitegemea yapande kwa kuuza nini?

Na hiyo ni miezi ya mwanzo tu. Baada yake kuna homa ya usiku wa manane, kituo cha watoto kinachofunga kabla kikao chenu cha jioni hakijafika ajenda ya pili, shule kufungwa kwa wiki kadhaa, na mlezi anayeaga asubuhi kwamba harudi tena. Mambo haya hayana likizo yake rasmi, kwa hiyo yanakatwa kwenye siku za mapumziko ya mwaka, zikiisha yanakatwa kwenye mshahara, na mshahara ukiguswa ndipo watu wanaanza ile hesabu ya nyumbani. Kwa walio kwenye zamu ni vibaya zaidi. Ratiba inabandikwa leo kwa ajili ya kesho, na hakuna mlezi duniani anayepatikana kwa taarifa ya namna hiyo.

4. Mnamlipa anayepatikana saa zote

Hapa ndipo penye kiini. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2023, ameeleza kwa kina jinsi baadhi ya kazi zinavyolipa zaidi, kupita uwiano wa saa zenyewe, kwa mtu anayepatikana wakati wowote. Anayefanya saa 60 hapati mara moja na nusu ya anayefanya saa 40. Anapata zaidi ya hapo, pamoja na cheo.

Sasa wachukueni wazazi wawili wanaolipwa sawa. Mtoto anahitaji angalau mmoja wao awe mtu wa kupigiwa simu na kuondoka. Wakigawana mzigo nusu kwa nusu, wote wawili wanaonekana kwa waajiri wao kuwa watu wasiotegemeka, na wote wawili wanapoteza bonasi. Mmoja akibeba mzigo wote, mwingine anaweza kusema "nipo" kila anapoitwa, na kipato cha nyumba kinakuwa kikubwa zaidi. Nani atabeba? Kwa mazoea, mama. Baada ya miaka mitatu mshahara wa baba umemzidi mama kwa mbali, na sasa hata wakitaka kubadilishana, hesabu inakataa. Mnaona jinsi wapendanao wawili wenye nia njema, wasio na ubaguzi wowote mioyoni mwao, wanavyofika mahali ambapo mmoja ameacha kazi? Huo ndio uamuzi wa familia mnaoutaja.

Goldin, pamoja na Marianne Bertrand na Lawrence Katz, waliwafuatilia wahitimu wa shahada ya uzamili ya biashara ya Chuo Kikuu cha Chicago na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Wanaume na wanawake walianza na mapato yanayokaribiana. Pengo likapanuka kadiri miaka ilivyokwenda, na sababu kubwa ilikuwa saa za kazi na vipindi vya kukatika kazini, hata vile vifupi. Watu hao walikuwa na elimu na uwezo wa kulipia msaada wa nyumbani. Fikirieni aliye kwenye zamu.

Kwetu, vikao vinavyoamua nani apewe mradi gani huanza watu wanapofunga mabegi. Simu za mwisho wa wiki hazimo kwenye mkataba wa ajira, lakini kwenye tathmini zimo, chini ya neno "kujituma". Nimejaribu kutafuta sababu ya kibiashara ya vikao hivyo vya jioni. Niliyoipata ni kwamba jioni ndipo wakubwa wanapomaliza vikao vyao vingine.

5. Baba akiomba, anachekwa

Hoja hii ni fupi. Tuna siku chache za likizo ya baba na wachache wanazichukua. Mwenzetu mmoja alipoomba azichukue zote mfululizo, aliulizwa mbele ya timu, "Kwani mama yake hayupo?" Watu wakacheka. Tangu hapo sijasikia mwingine akiomba.

Japani ilikuwa na sheria ya ukarimu ya likizo ya baba kwa miaka mingi, na bado mwaka 2010 waliochukua hawakufika asilimia 2. Kufikia mwaka 2023 walikuwa karibu asilimia 30, baada ya sheria kuanza kuwabana waajiri wawaulize wafanyakazi kama wataichukua, na kampuni kubwa zitoe takwimu zake. Norway ilitenga wiki za baba pekee mwaka 1993, wiki ambazo asipozichukua zinapotea, na akina baba wakaanza kuzichukua. Haki inayohitaji ujasiri mbele ya bosi haichukuliwi.

Sasa najua mtakayoyasema, kwa sababu mengine mmeshayasema.

Mtasema tunafuata sheria. Hatujadai mmeivunja. Sheria inaweka kiwango cha chini, na hakuna tangazo lenu la ajira linalojisifu kwamba kampuni hii hutoa kiwango cha chini.

Mtasema ni gharama. Ule Mkataba Namba 183 umeliona hilo, na ndiyo maana unataka malipo ya likizo ya uzazi yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma, mwajiri mmojammoja asibebeshwe peke yake, ili wanawake wasigeuke mzigo wa kukwepwa. Kama mnaona mfumo unawaelemea, pazeni sauti huko juu pamoja nasi, tutawaunga mkono. Ila mengi tunayoomba hapa ni kupanga upya ratiba tu. Mwaka 2024 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya jaribio katika kampuni ya Trip.com nchini China, lililohusisha wafanyakazi zaidi ya 1,600. Walioruhusiwa kufanya kazi nyumbani siku mbili kwa wiki waliacha kazi kwa theluthi moja pungufu, na utendaji wao haukushuka. Je, mmewahi kupiga hesabu ya kumtafuta, kumsaili na kumfundisha mbadala wa kila mama aliyeondoka?

Mtasema wasio na watoto wataona wanaonewa. Wanaonewa tayari, na ni ninyi mnaowaonea. Mtu akienda likizo ya uzazi hamwajiri wa muda. Kazi yake mnaigawa kwa waliobaki, bila malipo, kisha mnaacha wamkasirikie aliyejifungua. Vijana wasio na watoto wameniambia hivyo, na wana haki ya kukasirika.

Mtasema kurefusha likizo hakujasaidia kwingine. Hapo mna hoja, tena nzuri kuliko mnavyodhani. Utafiti uliochambua miongo kadhaa ya sera za familia nchini Austria uliona kwamba kuongeza likizo na vituo vya watoto, kwa vyenyewe, hakukupunguza pengo la mapato kwa kiasi cha kuonekana. Likizo ndefu ya mama peke yake inaweza hata kumzoesha mwajiri kuishi bila yeye. Kwa hiyo msije mkatupa miezi zaidi ya likizo mkadhani mmemaliza, huku saa za kazi, ugawaji wa wateja na tathmini vikibaki vilivyo.

Na mtasema wengine wanapenda kukaa na watoto wao. Wapo, na ni haki yao. Lakini Quebec, nchini Kanada, ilipoanzisha mwaka 1997 malezi ya watoto kwa ada ndogo, ajira ya akina mama iliongezeka waziwazi. Kama wote walikuwa nyumbani kwa kupenda, ada isingebadilisha kitu.

Tunaomba yafuatayo:

(a) Takwimu zitolewe kila mwaka: wangapi wamechukua likizo ya uzazi, mama na baba kila mmoja kwa upande wake, wangapi bado wako kazini miaka miwili baadaye, na mishahara na vyeo vyao vikilinganishwa na vya walioajiriwa nao. Hili halihitaji bajeti. Majina yote yako kwenye kompyuta ya utumishi.

(b) Kabla mtu hajaenda likizo, yaandikwe na kusainiwa majukumu, wateja na miradi atakayoirudia. Malengo yake ya mwaka yapunguzwe kulingana na miezi aliyokuwepo.

(c) Aajiriwe mtu wa muda, au wanaobeba kazi ya aliye likizo walipwe.

(d) Vikao vyenye maamuzi vifanyike ndani ya saa za kazi. Ratiba za zamu zitoke angalau wiki mbili mapema.

(e) Likizo ya baba iwe ya mshahara kamili, isihamishike kwa mtu mwingine, na isihitaji hisani ya msimamizi. Mfanyakazi atoe taarifa, basi.

(f) Kiwepo chumba chenye mlango unaofungwa, kiti, umeme na jokofu kwa wanaokamua maziwa. Nimeona aibu kuliandika hili kwa Bodi, ila limeombwa mara nyingi mno.

(g) Maswali ya familia yafutwe kwenye usaili, na anayeyauliza aondolewe kwenye jopo.

Kama mtalazimika kuanza na moja tu, anzeni na (a). Mkiziona takwimu zenu wenyewe, mabishano mengi yatapungua, upande wenu na upande wetu pia.

Tunaomba jibu la maandishi, hoja kwa hoja, kabla Bodi haijapitisha bajeti ijayo. Jibu la kwamba suala linafanyiwa kazi tunalo tayari, msijisumbue kulituma tena. Kamati iko tayari kukaa nanyi siku yoyote, ilimradi kikao kiwe ndani ya saa za kazi.

Wenu katika kazi,

Mfanyakazi, mzazi na mjumbe wa kamati ya wafanyakazi

Nakala:
Mkuu wa Idara ya Utumishi
Wafanyakazi wote, pamoja na walioko likizo ya uzazi